Emerensiana Alipojifunza Nota

Ukifika Ngumbo ukaulizia habari za Emerensiana, watu wa rika lake wataanza kukusimulia sikio lake. Watakwambia kwamba akiwa bado msichana alikwenda Mbamba Bay na mama yake kwenye sherehe ya upadirisho, akasikia kwaya ya wageni ikiimba wimbo ambao hakuna mtu wa kwao aliyewahi kuusikia. Jumapili iliyofuata aliufundisha kigangoni kwao, sauti zote nne, kuanzia soprano hadi besi. Wazee wa kanisa hawakuamini. Walimsimamisha mbele wakamtaka aimbe besi peke yake, naye akaimba kwa sauti yake nyembamba ya kike, lakini mwendo ulikuwa ule ule wa wanaume wa ile kwaya. Tangu siku hiyo kwaya ikawa yake, hata kabla hajakabidhiwa rasmi.

Aliolewa na Adrian, mvuvi wa usipa, dagaa wa Ziwa Nyasa, mwenye maneno machache na besi nzito. Walilima mihogo, wakazaa watoto, wa kwanza akiwa Gertrude, na kwa sababu hiyo wengi walimzoea kwa jina la Mama Gertrude. Aliloweka mihogo, alianika usipa kwenye vichanja, alifanya kila kazi iliyofanywa na wanawake wenzake. Ila jioni za mazoezi aligeuka mtu mwingine. Alikuwa akiimba mstari mmoja, waimbaji wanamrudishia, huku yeye anapita kati ya mabenchi ameinamisha kichwa upande, akisikiliza mdomo hadi mdomo. Aliyekosea alishikwa bega hata hajamaliza kukosea.

Nota hakuzijua. Karatasi za nyimbo zilikuwapo kanisani, zenye zile herufi za do, re, mi zilizopangwa safu kwa safu na nukta na vistari katikati, lakini kwake zilikuwa kama nyayo za kuku mchangani. Aliwahi kupelekwa kwenye semina ya walimu wa kwaya kule Mbinga. Akakaa benchi la nyuma, akawatazama watu wazima wakisoma ubao kama watoto wa darasa la kwanza, akarudi nyumbani kabla semina haijafungwa. Alipoulizwa amejifunza nini, alisema wimbo huingia kwa sikio. Ukiuingiza kwa macho umeupitishia dirishani.

Watu walicheka, wakakubali. Kwaya ilikuwa nzuri, na mwenye mali akisema inatosha, nani atabisha?

Ndipo alipokuja Ignatio. Alikuwa mwalimu kijana wa shule ya msingi, mzaliwa wa Mkumbi kule milimani, aliyepata nota na kinanda seminarini kabla hajaacha njia ya upadri na kushika chaki. Alijiunga na teno. Katika mazoezi yake ya kwanza, Emerensiana alikuwa anafundisha wimbo wa Krismasi alioutoa kwenye simu ya Gertrude. Ignatio alikuwa na karatasi ya wimbo huo huo. Walipofika kwenye kiitikio alinyoosha mkono, akasema kwa heshima kwamba alto ilivyoandikwa haiendi hivyo.

Emerensiana alimwambia aimbe hiyo ya karatasi. Ignatio akaimba. Wote walisikia kwamba ile ya karatasi ilikuwa tamu zaidi. Kwaya ya kwenye simu ilikuwa imekosea, na kosa lake lilikuwa limesafiri na simu mpaka Ngumbo. Emerensiana naye alisikia. Lakini alisema alto yake inakaa vizuri zaidi mdomoni, wakaendelea na yake. Alishinda siku ile kwa sababu kwaya ilikuwa mikononi mwake, na alijua hivyo.

Ignatio hakununa. Miezi kadhaa baadaye Emerensiana alishikwa na malaria, na kijana ndiye aliyefundisha wimbo mpya badala yake. Alifundisha kutoka kwenye karatasi, kila sauti mahali pake. Jumapili ulipoimbwa hapakuwa na kosa hata moja, na hapakuwa na mtu aliyeguswa. Ignatio mwenyewe alikwenda kumwambia mgonjwa kitandani: sauti zote zimefika, mama, ila wimbo haujafika. Emerensiana alimpenda kwa neno hilo. Tangu hapo walikuwa marafiki, na ubishi wa nota ukawa mchezo wao.

"Mama, mimi nikipewa wimbo wa mtu aliyekufa zamani, wa nchi nisiyoijua, nausikia," Ignatio alimwambia siku moja. "Wewe lazima kwanza umpate wa kukuimbia."

"Kwani wa kuniimbia wameisha?" akajibu Emerensiana, na wote wakacheka.

Matatizo yalianzia kwa soprano. Emerensiana aliona kwamba wanawake wa sauti ya kwanza wamelegea. Aliwaambia wapandishe sauti. Wakapandisha, bado hakuridhika. Aliyemkasirisha zaidi ni Eunice, msichana mwenye sauti kali na safi kuliko wote, ambaye zamani ilitosha afungue mdomo wenzake wafuate. Sasa Emerensiana alimsimamia mbele na kumwambia anaimba kama mtu aliyefunikwa blanketi. Eunice aliimba kwa nguvu mpaka sauti ikakwaruza. Jioni moja aliweka kitabu cha nyimbo juu ya benchi, akatoka nje akilia, na wenzake wakabaki wanatazamana.

Nyumbani Adrian alikuwa anashona wavu. Alikuwa amekwisha kuona mambo mengine: simu iliyolia mapajani mwa mkewe asishughulike nayo, wajukuu walioita mara mbili, mara tatu. Alikuwa amenyamaza kwa muda mrefu akitumaini kwamba litapita.

"Mama Gertrude," alisema, "Eunice anaimba vizuri. Mimi nikiwa mwisho kabisa wa besi namsikia. Tatizo si Eunice."

Kesho yake Emerensiana aliamka bila kumsalimia. Alikwenda nyuma ya nyumba kulisha kuku. Tetea alikuwa ametotoa, na vifaranga walimzunguka miguuni wakigombania pumba. Akainama kuwatazama. Waliinua vichwa, wakafungua midomo midogo, wakafunga, wakafungua tena. Hakusikia kitu. Alimshika mmoja akamweka karibu kabisa na sikio, akahisi mwili mdogo ule unatetemeka kwa kulia, na bado hakusikia kitu. Alikaa chini palepale kwenye vumbi, na kifaranga akabaki kiganjani mwake mpaka Adrian alipokuja kumwinua.

Gertrude, aliyeolewa Mbinga mjini, alimpeleka hospitali. Daktari alimpima kwa utaratibu na kumweleza kwa upole kwamba mishipa ya fahamu ya masikio yote mawili inakufa kidogo kidogo, kuanzia sauti za juu kushuka chini, na kwamba hakuna dawa ya kuirudisha. Sababu hakuijua. Alimpatia kifaa cha kuvaa sikioni. Kwa mazungumzo ya karibu kilimsaidia kidogo, lakini Jumapili kwaya ilipoanza alisikia kama mtu anatikisa kokoto ndani ya kopo. Akakivua kabla ya wimbo wa Utukufu.

Aliiacha kwaya kabla hajaombwa. Alisimama mbele ya watu, akasema masikio yake yamestaafu na yeye anayafuata, akamkabidhi Ignatio. Kisha akapeleka fungu la samaki nyumbani kwa Eunice na kumwomba radhi. Eunice alimjibu maneno mengi ambayo hakuyapata, lakini mikono yao ilishikana kwa muda mrefu, na hiyo ilitosha.

Baada ya hapo alihamia kukaa upande wa vikongwe, ingawa hakuwa kikongwe. Sauti zilizobaki zilikuwa za chini: ngurumo ya mvua, injini ya mtumbwi, na Adrian akisema karibu na sikio la kulia. Mume aliyekuwa mchache wa maneno sasa alijifunza kusema, kwa kuwa ndiye pekee aliyesikika.

Kitu kimoja kilimshangaza. Akiwa anamenya mihogo, nyimbo zilikuja zenyewe kichwani, nzima nzima, soprano zikiwa juu kama zamani, Eunice akiwa Eunice. Zile alizozijua hazikuharibika. Kwa muda alizifurahia kama mtu aliyekuta ghala limejaa. Baadaye aligundua kwamba anazunguka ghala lile lile. Akimaliza wimbo wa mwisho anarudi wa kwanza, na hakuna mpya unaoingia.

Ikafika Pasaka. Ignatio alikuwa amefundisha wimbo mpya. Emerensiana aliketi pembeni akaona kwaya inasimama, akaona vifua vinajaa pumzi, midomo inafunguka pamoja. Aliona mwanamke wa benchi la mbele anafuta machozi kwa upande wa kanga. Aliona Adrian anaimba akiwa amefumba macho, jambo ambalo katika miaka yao yote hakuwahi kumwona akilifanya. Kitu kikubwa kilikuwa kinapita mle kanisani, na yeye alikuwa ameketi katikati yake bila kukijua.

Walipofika nyumbani alimwambia Adrian amwimbie sikioni. Adrian akajisogeza, akaimba. Aliimba besi, maana ndiyo aliyoijua: nota chache nzito, kisha kimya wakati sauti nyingine zinapita, kisha tena nota chache. Alikuwa anaweka msingi wa nyumba isiyo na kuta. Emerensiana alicheka, Adrian naye akacheka huku akiendelea kuimba, halafu alipomtazama vizuri akaona kwamba mkewe hacheki tena.

Siku shule ilipofunguliwa, Emerensiana alikwenda kumsubiri Ignatio mpaka watoto walipotawanyika.

"Mwalimu, nifundishe nota," akasema.

Ignatio angeweza kumkumbusha maneno ya dirisha, na kwa jinsi walivyozoeana angesamehewa. Hakumkumbusha. Alifuta ubao, akachora ngazi, na kwenye kila kipandio akaandika herufi moja.

Mwanzo ulikuwa mwepesi kuliko alivyoogopa. Ignatio alikuwa na busara; hakumpa kitu kigeni. Alimwandikia nyimbo alizozijua tangu utoto, ili aone sura ya kitu alichokuwa nacho tayari. Emerensiana alizitazama herufi, akaimba kichwani, na mara nyingine alipiga paja kwa mshangao: kumbe pale ambapo moyo wa watu hushuka, na sauti pia inashuka kutoka fa kwenda mi, na katika nyimbo nyingi ni hivyo hivyo. Alikuwa amekaa na jambo hilo maisha yake yote na hakuwahi kujua kwamba lina jina.

Ugumu ulikuja baadaye. Ignatio aligundua kwamba mwanafunzi wake hasomi, anakumbuka. Aliona herufi mbili za kwanza, akautambua wimbo, na kumbukumbu ikakimbia mbele na kuiacha karatasi. Basi akamwandikia wimbo wa zamani akabadili mahali pamoja tu. Emerensiana akauimba kwa kujiamini kama ulivyokuwa zamani. Ignatio akagonga ubao pale alipobadili. Alirudia akakosea tena, akagongewa tena, mpaka akachukia, akamwambia amefanya hila. Ignatio alikubali kwamba ni hila, kisha akaandika nyingine.

Mapigo yalimtesa zaidi. Nukta mbili, nukta moja, kistari cha kuvuta, nafasi ya kimya: mambo aliyokuwa akiyafanya kwa mwili wake wote bila kufikiri, sasa ilibidi ayahesabu kama mtu anayejifunza upya kutembea. Mvua za kupanda zilipoanza aliacha. Alimwambia Adrian kwamba kichwa chake kimeshakomaa, hakipindiki tena. Adrian hakubishana. Ila jioni, wakiwa wamekaa, alikuwa anaanza kuguna ile besi ya Pasaka karibu na sikio lake la kulia, kisha ananyamaza pale pale panapostahili kuingia sauti nyingine. Baada ya palizi Emerensiana alirudi darasani.

Siku hiyo, akiwa ameshika chaki, alimwambia Ignatio jambo ambalo lilikuwa limemkaa kooni. Alisema anajuta kwamba hakujifunza alipokuwa na masikio. Ignatio akajaribu kumfariji, akamwandikia ubaoni kwamba wakati ule hakuhitaji.

"Nilihitaji," akasema Emerensiana. "Sema nilikuwa sijui."

Kiangazi ndipo alipoomba karatasi ya ule wimbo wa Pasaka. Ignatio alisita, kwa sababu ulikuwa na alto ngumu, lakini akampa. Emerensiana akaenda nao nyumbani, akangoja Adrian aondoke kwenda kutazama nyavu, akatandika mkeka kivulini mwa nyumba na kuweka jiwe juu ya karatasi ili upepo wa ziwani usiichukue. Alianza na soprano. Alisoma herufi kwa herufi, akirudi nyuma, akipiga mapigo kwa kidole gotini. Ilikuwa sauti ya kawaida, wala haikumtikisa. Akasoma teno. Akasoma alto, na hapo akakaa sana, kwa sababu ilipita njia asiyoitegemea. Ilishuka pale soprano inapopanda, kama mtu anayetoka mlango wa nyuma wakati wageni wanaingia mbele.

Mwisho akashuka mstari wa besi. Nota chache, kimya, nota chache. Aliijua. Ni ile Adrian aliyomwimbia sikioni. Akafumba macho na kujaribu kuziimbisha zote nne kwa pamoja, zikamponyoka. Akajaribu tena. Mara ya pili soprano ilisimama juu ya besi, teno ikajaza, na alipoiingiza ile alto, wimbo ukamfungukia wote: Eunice juu, Adrian chini, kanisa zima likiimba ndani ya kichwa chake wimbo ambao masikio yake hayakuwahi kuupokea. Aliuimba mpaka mwisho. Kisha akaurudia, kwa hofu kwamba labda umetokea kwa bahati tu. Haukuwa bahati.

Adrian aliporudi alimkuta bado yuko mkekani, kivuli kimemhama na jua linampiga, na hana habari.

"Ule wimbo una alto nzuri," Emerensiana akamwambia.

Kwaya hakurudi kuiongoza. Alisema kuongoza kunataka sikio, na nota haziwezi kumsikilizia watu. Kwa hilo Ignatio alikuwa amekomaa vya kutosha. Badala yake Emerensiana alianza kuandika. Zamani alitunga nyimbo nyingi kwa mdomo, na nyingi zilikuwa zimepotea na waimbaji waliohama au kufa, au zimegeuzwa mpaka mwenyewe hazitambui. Zile alizozikumbuka alizishusha kwenye karatasi moja moja. Kisha akatunga mpya, wimbo wa mavuno wenye mwendo wa kioda, ngoma wanayoicheza wanawake wa ufukweni. Ignatio, aliyemsaidia kuuandika, alihangaika nao sana. Kuna mahali ambapo wachezaji wa kioda huchelewa kidogo, si nusu pigo, si robo, ila mabega yanajua ni kiasi gani. Kila alivyoandika haikuwa hivyo. Emerensiana alitazama majaribio yake, akamwambia aache nafasi tupu. Atakayesimama kucheza atajua.

Ignatio aliipeleka nakala nyumbani kwao Mkumbi, kwa Ladislaus, mwalimu wa kwaya ya parokia, mtu makini aliyefundisha waimbaji wake wote kusoma. Wakajifunza wimbo bila kumsikia mtu yeyote akiuimba. Walipouweka tayari walimwalika mtunzi.

Emerensiana alipanda milimani na Adrian, wakapokelewa kwa chai na mihogo ya kuchemsha, wageni wakiwa wamejikunyata kwa baridi ya kule. Kwaya ikasimama. Emerensiana aliketi mbele na karatasi yake, kidole kikifuata. Hakusikia kitu zaidi ya mtetemo hafifu wa besi kwenye benchi, lakini aliona midomo, aliona pumzi, na alijua kila mmoja yuko wapi. Nota zilikuwa sahihi. Watu wasiomjua, wa lugha nyingine ya nyumbani, walikuwa wameupata wimbo wake kutoka kwenye karatasi tu, na hakuna aliyewaimbia. Machozi yalimjaa machoni.

Halafu akaona mabega. Yalikuwa yamenyooka kama ya watu walio kwenye gwaride.

Akaweka karatasi benchini, akasimama, akajifunga kanga kiunoni. Alianza kupiga hatua ya kioda polepole pale mbele ya altare, akichelewa kidogo pale panapotakiwa kuchelewa, na kwa mkono akawaashiria waanze tena. Ladislaus hakuelewa mara moja. Walioelewa ni wanawake wa alto. Wakacheka, wakalegeza magoti, wakamfuata. Sauti ya kwanza wakafuata alto, wanaume wakafuata mwishoni kwa aibu. Adrian, aliyekuwa amekaa nyuma, baadaye alimsimulia kwamba wimbo ulibadilika hapo hapo, kana kwamba mtu ameufungulia geti.

Walipopumzika, Ladislaus alimwandikia swali kwenye kiganja chake mwenyewe kwa kalamu, kwa kuwa karatasi ilikuwa mbali: je, alikuwa anapoteza muda kuwafundisha nota? Emerensiana alisoma, akatikisa kichwa.

"Wafundishe," akasema. "Wafundishe wangali wanasikia. Na ngoma pia wacheze."

Kisha akarudi benchini, akachukua karatasi yake, akatafuta mstari kwa kidole.

"Alto, mmevuta pumzi mapema mstari wa pili. Tuanzie hapo."

Wakaanzia hapo.